Kalooli Wamehamia Kwenye Kreni: Maswali Yenu Kuhusu Ghorofa la Old Kampala

Mnaokaa huku kwetu Old Kampala mnalijua, msiokaa huku nawaeleza haraka. Ni apatimenti za ghorofa kumi na mbili zilizotakiwa kusimama kwenye ploti iliyokuwa na nyumba ya Kihindi ya zamani, ile yenye baraza la mbao na jina la mwenyewe limechongwa juu ya mlango. Nyumba ikavunjwa wikendi moja tu, mabati ya bluu yakazungushwa, likawekwa bango la familia inacheka kwenye balkoni, zege likamwagwa mpaka slabu ya tano, halafu Jumatatu moja mafundi hawakuja. Jumanne pia hawakuja. Sasa ni mwaka wa nne. Bango limepauka mpaka yule baba kwenye picha hana uso, na kwenye mkono wa kreni wanalala kalooli, wale ndege wakubwa aina ya korongo, jioni wanajipanga pale kama wazee wa kikao. Niliwauliza tu mnasemaje, meseji zikajaa simu. Najibu nilizoweza.

Kwani lilisimama kwa nini hasa? Huku wengine wanasema chini kuna makaburi, wengine ni la mheshimiwa aliyeanguka kura, mama mkwe wangu yeye anasema ni jini.

Msalimie mama mkwe. Kilima chetu hiki kina historia ndefu, Kapteni Lugard wa Uingereza alipiga kambi hapa mwaka 1890, kwahiyo ukichimba shimo la choo tu unaweza kukuta kitu, lakini sijawahi kuona jini anazuia simenti. Majengo haya yanasimamishwa na vitu vya kawaida kabisa.

Cha kwanza ni pesa, na hapa lazima uelewe zinavotembea. Develapa wengi wa mjini hawaji na pesa zote mkononi, wanakuja na ploti, na michoro, na bango. Wanauza fleti zikiwa bado ziko kwenye karatasi, dipoziti za wateja wa kwanza zinajenga msingi, za wa pili zinajenga slabu, na benki inaingia katikati na mkopo uliowekewa taito (hati miliki) ya ploti hiyohiyo kama dhamana. Sasa wateja wakipungua hata miezi sita, au mkopo ukiwa wa dola na wateja wanalipa shilingi na shilingi ikashuka, mashine inazima. Hakuna anayetangaza kuwa imezima. Utaona tu porta, wale vibarua wa saiti, wamepungua kutoka hamsini hadi kumi, fomeni anaanza kuongea na simu akiwa amejificha nyuma ya lori, basi jua.

Cha pili ni karatasi. Mtaa wetu una mzigo wake tofauti na mitaa kama Ntinda au Kira. Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972, nyumba zao nyingi za hapa zilikwenda chini ya bodi ya serikali, ikaja sheria ya mwaka 1982 ya kuwarudishia wenyewe au kuwalipa, na mpaka leo unaweza kukuta ploti moja ina watu wawili kila mmoja ana karatasi na kila mmoja ana loya. Mmoja wao akipata zuio la mahakama saa nne asubuhi, saa sita kreni imesimama.

Kwa hili letu mimi nilikwenda kumuuliza askari wa saiti, maana yeye ndo pekee bado yuko. Amegeuza kontena ya fomeni kuwa nyumba, amepanda sukumawiki kwenye ndoo za rangi, posho (ugali) anapikia kwa mbao za kumwagia zege. Nikamwambia mzee, wewe unalinda nini humu, nondo zote si zimeshaibiwa? Akacheka, akasema, "Nalinda deni langu. Nikitoka hapa nani atanilipa?" Kwahiyo mjue, hata mlinzi anadai. Mimi hili nimeshalihesabu upande wa pesa.

Na ukitaka mfano usiokuwa na jini, inua macho uangalie msikiti mkuu hapo juu. Ulianza enzi za Amin, utawala ukaanguka 1979, ukakaa gofu miaka na miaka, watoto wakazaliwa wakakua wakiuona hivohivo, mpaka pesa za Libya zilipokuja ukakamilika 2006. Dua zilisomwa miaka yote hiyo, nina uhakika, lakini siku simenti ililipiwa ndo kazi ilianza.

Nililipa asilimia 40 ya fleti ya ghorofa ya nane, jengo limeishia ya tano. Nina agrimenti na risiti zote. Hii si ina maana fleti ni yangu? Niweke kaveati?

Dada yangu, pole sana, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu watu kumi na moja wameuliza hili swali kwa maneno tofauti.

Ulichonacho sasa hivi ni ahadi na risiti. Fleti bado. Najua inauma kusikia lakini ukianza na hilo utafanya mambo kwa mpangilio. Uganda tuna sheria ya kondominiamu tangu 2001, ndo inayomwezesha mtu kumiliki ghorofa ya nane peke yake akiwa na taito ya uniti yake, lakini taito hizo hazitoki kabla plani ya kondominiamu ya jengo lote haijasajiliwa. Kabla ya hapo kuna taito moja tu, ya ploti, na swali lako la kwanza linatakiwa kuwa: hiyo iko kwa jina la nani na nani ameiwekea mkono?

Nenda ofisi ya ardhi ya Kampala na namba za bloku na ploti, lipa ada, omba sachi, yaani taarifa rasmi ya taito hiyo. Usimtume broka, usimtume yule kijana wa develapa anayekuita "my boss". Nenda mwenyewe au na loya wako. Halafu nenda URSB, ofisi ya kusajili kampuni, utafute kampuni iliyokupa risiti, wakurugenzi ni akina nani, bado iko hai au vipi. Mimi nimeona agrimenti ya mtu, sio ya jengo hili, ambayo kampuni ya kwenye risiti ilikuwa moja, ya kwenye bango nyingine, na kwenye taito jina la tatu kabisa la mama mmoja ambaye hakuna mnunuzi aliyewahi kumuona. Huyo mtu alikuwa amelipa miaka miwili.

Ukikuta kuna mogeji ya benki (ule mkopo wa dhamana ya taito) imesajiliwa, kaa chini unywe maji. Benki iko mbele yako kwenye foleni. Sheria ya mogeji ya 2009 inaitaka benki impe mdaiwa notisi, ana siku 45 za kazi za kurekebisha, zikipita inampa notisi nyingine ya siku 21 za kazi ndo iuze, na notisi zote hizo haziji kwako wewe uliyenunua hewa ya ghorofa ya nane, zinakwenda kwa mkopaji. Unaweza kuja kuona tangazo la mnada kwenye gazeti umefungia nalo mandazi. Na kampuni ikifilisiwa ni hivohivo, mwenye dhamana anakula kwanza, nyie wa risiti mnagawana kitakachobaki.

Kaveati ndio, inaweza kusaidia, ni kama kuweka jiwe mlangoni, mtu hawezi kuhamisha taito bila wewe kujulishwa. Lakini sio dawa. Mwenye taito akiomba iondolewe unapewa notisi, na siku 60 zikipita bila wewe kwenda mahakamani kupata amri, inaanguka. Pia sio kila mwenye risiti ana haki ya kuiweka, lazima uonyeshe una maslahi kwenye ardhi yenyewe, ndo maana agrimenti yako isomwe na loya mstari kwa mstari.

Sasa kitu ambacho hamkiulizi na ndo kinaniogopesha zaidi: muda. Kesi ya mkataba ina miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa. Kama agrimenti yako ilisema utakabidhiwa funguo Disemba 2021, hesabu mwenyewe kwenye vidole. Hao jamaa wa ofisini wanaokwambia kila mwezi wa tatu "mwekezaji mpya anakuja kutoka Uturuki" hawahitaji kukulipa, wanahitaji tu wewe ungoje.

Na msiende mmojammoja. Ukienda peke yako unapewa chai. Mkienda thelathini, na loya mmoja mliyemchangia, mnaanza kuulizwa mnataka nini. Deni likiwa chini ya milioni 50 linaweza kusikilizwa na hakimu mkuu, likizidi ni High Court, na kule mtapelekwa kwanza kwenye upatanishi kabla ya kesi, msidharau hicho kikao, mara nyingi ndo mahali pekee develapa anakuja na hesabu zake mezani.

Mimi sijanunua chochote, nakaa tu nyuma ya hilo jengo. Beizimenti imejaa maji, mbu hawatuachi, mtoto wangu amelazwa na malaria mara mbili mwaka huu. Nani ananisikiliza mimi?

Wewe wanakusikiliza kuliko yule aliyelipa mamilioni, ni vile watu hawajui. Wanunuzi wanadhani wana haki nyingi, majirani wanadhani hawana, na ukweli uko karibu kinyume chake. Maji yaliyotuama ni kero ya afya, hayahitaji taito wala agrimenti. Mbu wa malaria anapenda hayo hayo maji ya mvua yasiyochafuka sana, na kutoka yai mpaka anaruka ni kama siku kumi na kitu, kwahiyo kila mvua ya Aprili inakuletea kizazi kipya.

Anza kwa chemani wa LC1, baraza la mtaa, sio kwa sababu ana nguvu ya kufungua mabati, ni kwa sababu barua yenye muhuri wake inakupeleka mbali. Halafu KCCA, mamlaka ya jiji, ofisi ya divisheni, kwetu ni Central, uliza afisa wa afya. Piga picha yenye tarehe. Beba karatasi za hospitali za mtoto. Barua iwe na nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, ukikosa muhuri ni kama hukwenda. Kuna pia kamati ya majengo chini ya sheria ya udhibiti wa ujenzi ya 2013, wanaweza kumuamuru mwenye saiti aizibe, atoe maji, aondoe hatari.

Mwenzako wa jengo la pembeni yeye aliingia na kumwaga oili chafu ya gereji mle ndani kuua mbu. Ssebo, usifanye hivo. Ukidondoka mle hakuna atakayekusikia zaidi ya askari, naye ana sikio moja bovu.

Mafundi walikula kwangu chakula cha mchana miezi mitano kwa deni, fomeni alisema atalipa yeye Jumamosi. Daftari ninalo.

Mama, hilo daftari nimeliona kwenye picha uliyotuma na nimelisoma lote. "Porta kofia nyekundu, matoke na maharage, 3,500." "Fundi wa Mbale, samaki, anasema kesho." "Yule mrefu, chai mbili." Jumla milioni mbili na laki tatu. Kwa watu walionunua fleti hiyo ni kodi ya parking, kwako ni mtaji mzima wa kibanda.

Habari njema ni kwamba kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, mwisho wake milioni 10, na huhitaji loya kabisa. Unamwandikia kwanza mdaiwa barua ya kudai, unampa siku 14, akikaa kimya unakwenda kujaza fomu. Shida yako ni nani wa kumshitaki. "Porta kofia nyekundu" hashitakiki. Fomeni ndo aliyesema atalipa, kwahiyo tafuta jina lake kamili, simu, na mtu mmojawawili waliomsikia akisema. Meseji zake za "vumilia mama" usizifute hata moja, hizo ndo ushahidi wako. Ukituma mobile money hata ya mia tano kwenye namba yake jina linatokea, nimekupa hiyo bure.

Na nyie mafundi mnaosoma mkiwa hamjalipwa, hamna haja ya kukaa kimya na aibu, afisa wa kazi yupo chini ya sheria ya ajira ya 2006 na kulalamika kwake hakulipiwi.

Landilodi alinipandishia kutoka laki nne hadi laki sita mwaka jana akisema mtaa unapanda hadhi kwa sababu ya apatimenti. Apatimenti ndo hizo. Atanirudishia?

Hahaha. Samahani, sicheki wewe. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 inasema nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka, kwa laki nne hiyo ni elfu arobaini. Mwonyeshe hesabu kwa heshima, kwa maandishi. Kukurudishia sitegemei, ila kukutoa bila amri ya mahakama hawezi, na siku hizi kwenye dirisha lako unaona kalooli badala ya bwawa la kuogelea walilochora, hoja yake imekufa.

Kama pesa zitapatikana kesho, hilo jengo linaweza kuendelea au ni la kubomoa? Nondo zimekuwa nyekundu kabisa.

Mimi sio injinia, nimekulia tu kwenye saiti nikimbebea baba maji ya kunywa, lakini nimemuuliza mtu anayejua. Zege lenyewe silioni shida, likishafika siku 28 limeshapata nguvu yake na mvua hailiui. Kinachooza ni chuma kilichobaki nje, zile nondo zinazochomoza juu ya nguzo kungoja ghorofa inayofuata. Ukikwangua kwa brashi ya waya kutu ikatoka kama unga na chuma chini ni kizima, wanasafisha wanaendelea. Ikitoka kwa magamba na nondo imekonda, hapo wanakata, au wanatoboa na kuunganisha mpya, na lazima wapime: wanachomoa vipande vya zege kwenda kuvivunja maabara, wanapima unene wa chuma.

Mimi kinachonitisha ni kingine. Nilipenyeza kichwa kwenye tundu la mabati, ile slabu ya tano bado imeshikiliwa na miti ya kalitunsi (mikaratusi), hawakuitoa, na sasa mchwa wameila mpaka mingine unaona mwanga katikati. Labda slabu inajibeba yenyewe sasa, labda haijibebi. Kwa hiyo wale vijana mnaoingia usiku kucheza ludo na kuvuta vitu vyenu mle chini, tafuteni kwingine. Na atakayeendeleza lile jengo atake asitake apitie upya kwenye kamati ya majengo, na bodi ya kitaifa ya kukagua majengo ipo kwa kazi hiyo, na mwisho akimaliza apate kibali cha kukaliwa ndo watu waingie. Ukiambiwa hamia kwanza kibali kinakuja, usihamie.

Si serikali ilichukue tu imalize, iwape watu wa kawaida nyumba?

Kaka, unakumbuka Nakawa na Naguru? Julai 2011, takriban familia 1,750 zilitolewa kwenye zile esteti za zamani, wameahidiwa watarudi kwenye fleti za kisasa wao wakiwa wa kwanza. Jiwe la msingi likawekwa 2013, picha zikapigwa. Muongo ukapita, ardhi ile nzuri yenye ukubwa wa kama eka 160 ikabaki majani, na 2021 Bunge likawa linachunguza nani amegawiwa vipande vyake. Shangazi yangu alikuwa mmoja wa waliotoka. Mpaka anafariki alikuwa na barua ya kuahidiwa ndani ya begi la plastiki, pamoja na kadi za chanjo za watoto wake.

Kwahiyo sitasema hapana, nitasema tu uliza kwanza kwa maandishi ya nani na kwa tarehe gani.

Niko Dubai. Jamaa ananiuzia nafasi yake kwenye jengo hilo kwa nusu ya alicholipa, anasema kazi inaanza tena Januari. Nitume?

Januari ya mwaka gani? Jengo hili limeshaanza tena Januari tatu mpaka sasa.

Nisikilize vizuri, manake nyie wa huko ndo mnaoumizwa zaidi, mnanunua kwa video ya WhatsApp. Huyo jamaa hakuuzii fleti, anakuuzia nafasi yake kwenye foleni ya kudai. Kama agrimenti yake haimruhusu kuhamisha bila develapa kusaini, hata hiyo hupati. Mwambie akutumie sachi ya mwezi huu, sio ya 2020, agrimenti kurasa zote pamoja na zile za nyuma zenye maandishi madogo, na ushahidi wa benki wa alicholipa, maana risiti zinachapwa popote pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Halafu umtume mtu wa familia, anayekupenda na asiyetaka kamisheni, aje jioni kama saa kumi na mbili asimame ng'ambo ya barabara karibu na anayeuza chapati, ahesabu mafundi wanaotoka getini.

Juzi nimesimama pale nusu saa nzima. Alitoka askari, na ndoo ya sukumawiki.